Taa Isiyofunga Kamba

Leokadia Pruszyńska aliajiriwa kutazama.
Miaka thelathini na mmoja, kiwanda cha nguo, Łódź,
chumba kisicho na dirisha, meza ya kijivu,
na juu yake taa tatu: ya mchana, ya dukani, ya nyumbani.
Kitambaa kikiwa chekundu chini ya hii
na cha udongo chini ya ile,
alikirudisha kwa watia rangi
na kikaratasi kimebanwa kwa pini:
*Kinasema mawili.*

Kiwanda sasa ni maduka na sinema.
Yeye ana lita thelathini za maji
juu ya kabati la viatu, ghorofa ya nne,
changarawe nyeusi, kuvumwani juu ya kigogo,
na uduvi kumi na wanane wekundu,
hakuna anayeushinda ukucha wa kidole gumba.

Novemba. Jua linaondoka saa kumi kasorobo
kama karani aliyeshavaa koti.
Olgierd, mjukuu, kaleta taa ya zambarau na waridi,
unaiwasha kwa simu.
"Bibi, ona wanavyowaka!"
Wakawaka kweli,
wekundu wa pikipiki mpya,
hata yule dume aliyepauka akawa sultani.
Bibi akashukuru, akamkatia keki ya tufaha,
akasubiri mlango ufungwe,
akazima.

Kizuri chajiuza, alisema kwa lugha yake, kwa maneno mengine.
Sisi tungesema: taa inafunga kamba,
tena inawafunga kamba hao hao.

Ya pili ilikuwa nyeupe, kali, ya kuotesha majani.
Siku ya tisa kioo kilivaa mwani
kama ukuta wa bafu lisilo na mwenyewe.
Uduvi wote chini ya kigogo, bega kwa bega,
watu wanaongoja mvua ipite barazani kwa jirani.

Ya tatu aliiokota kwenye sanduku la vikorokoro
sokoni Bałuty, fupi kama rula, hafifu,
muuzaji mwenyewe akaionea aibu bei yake.

Sasa, jambo ambalo hajamwambia mtu.
Masika yaliyopita daktari alimtoa mtoto wa jicho,
la kulia tu; la kushoto lingali kwenye foleni.
Tangu hapo shuka moja ni mashuka mawili:
kulia lina ubuluu wa maziwa yaliyochujwa,
kushoto lina chai.
Akifumba hili, uduvi ni waridi.
Akifumba lile, ni kutu.
Mkaguzi wa rangi, mashahidi wake wawili
hawasalimiani.
Angekuwa kitambaa
angejibandika kikaratasi mwenyewe.

Basi akaacha kuyauliza macho.

Aliinua ile taa juu ya chupa mbili za jemu,
akaacha vijani vinavyoelea viikate vipandevipande,
akazima ya ukumbini, akavuta kiti,
daftari magotini, kalamu ya risasi, koti begani.
Dakika ishirini: wanne juu ya kuvumwani.
Saa nzima: kumi na mmoja,
wanachokonoa, wanapeleka kinywani, wanachokonoa.
Kisha akatoka yule jike mwenye mayai,
ambaye kwa wiki tatu alikuwa tetesi tu,
akasimama mahali pa wazi
akiyapepea kwa miguu ya tumboni
kama mama anayehimiza mkaa.

Wekundu wao hapo haukuwa wa kuita wageni.
Ulikuwa wa tofali, wa sikio lililotoka baridini.
Aliandika: *saa nane mchana hadi saa tatu usiku.*
Akaitega swichi ya saa.
Kwenye mstari wa chini akaanza kuandika rangi,
akafuta, akaanza tena, akaacha nafasi.

Jumapili Olgierd atakuja na zambarau yake.
Atampa dakika tano, si zaidi.
Uduvi watakimbilia kigogoni,
naye atatazama kwa jicho moja,
bado hajaamua lipi.