Una Mtu?

Akiba haiozi, wamesema wengi.
Yangu ilioza ndani ya kompyuta,
Jumanne, saa mbili asubuhi,
kwa mlio mdogo, ka, ka, ka,
kama kuku anayedonoa bati.
Kisha kimya.
Picha za miaka kumi na mitatu. Stakabadhi za kodi.
Na mama, sekunde arobaini na moja za mama,
akihesabu chupa za matango ya siki ghalani,
akikosea kwenye ishirini na sita, akijicheka.

Ndiyo maana tumesimama dukani, mimi na Ülo,
theluji ya Tartu ikiyeyuka viatuni,
mbele ya rafu ya makasha meusi
yanayofanana kama matofali ya tanuru moja.

Ülo anataka la vyumba vinne.
Ana filamu zake, mbio za magari ya zamani,
anataka zitiririke hadi runinga ya sebuleni,
hadi simu yake akimenya viazi,
hadi, Mungu amsamehe, ndani ya sauna.
Anauliza kichakataji, anauliza terabaiti, kasi ya waya.
Mimi nauliza kama linakoroma.
Nyumba yetu ni ya mbao, kuta nyembamba,
na tayari nalala na mmoja anayekoroma.

Raivo, muuzaji, kijana mwenye plasta kidoleni,
hakucheka. Akaliwasha moja: weka sikio.
Nikasikia kitu kama mvua ya mbali nyasini.
Hili, nikasema. La vyumba viwili.

Akaeleza: diski mbili, pacha.
Kinachoandikwa huku huandikwa na kule;
moja ikifa, nyingine haitikisiki.
Moyo ukatua. Nikafungua pochi.

"Lakini," akasema
(muuzaji mwema hutoa lakini yake kabla ya risiti)
"hiki ni kioo, mama, si akiba.
Ukifuta hapa, pacha naye kafuta.
Nyumba ikiungua, wote wawili wamo ndani.
Kioo hakimkumbuki aliyeondoka mbele yake.
Nakala ya tatu ilale kwenye nyumba nyingine.
Una mtu?"

Ülo akatazama bei.
Mimi nikatazama viatu.

Ninaye dada, Helve, kule Haapsalu.
Hatujasemezana tangu tugawane vyombo vya marehemu,
tulipogombania kinu cha kahawa
ambacho mpini wake ulishavunjika.

Nikatoka nje, baridi ikining'ata masikio,
nikapiga. Alipokea upesi mno,
sikuwa nimepanga maneno.
"Nahitaji nafasi kwako," nikasema,
"upana wa kitabu tu, karibu na soketi.
Ni kwa ajili ya faili."
"Mama yumo?"
"Hayumo. Alipotea na kompyuta."

Basi la manjano likapita. Likapita na la pili.

"Ninaye mimi," akasema Helve.
"Ulinitumia Krismasi ile, yale matango.
Anakosea kwenye ishirini na saba."
"Sita."
"Saba. Nimemsikiliza juzi."
Sikubisha. Yaani, nilibisha kidogo.
"Leta kasha lako," akasema.
"Kinu sikurudishii."

Niliporudi ndani Ülo alikuwa ameshalipa:
vyumba vinne, mfuko mzito mkononi,
na uso wa mtu anayesubiri kukemewa.
Nikamwambia arudi rafuni
akachukue na lile dogo, lenye sauti ya mvua.
Jumamosi tunakwenda Haapsalu.