Kijaa cha Bibi Hersende

Bibi alikuwa na mawe mawili chini ya kitanda,
la juu lina tundu katikati,
la chini zito, halijui kusogea.
Usiku wa baridi, mbwa wa nyapara wakishalala,
alikitandikia kijaa ngozi ya kondoo
akasaga shayiri konzi kwa konzi,
polepole, kama mtu atafunaye siri.

Hatukuruhusiwa kusaga.
Kinu kilikuwa kimoja, cha bwana Enguerran,
pale mto unapopinda chini ya ngome.
Kila magunia kumi na sita, moja lake,
na kiganja kimoja cha Wibert msagishaji,
naye Wibert Mungu alimpa viganja vipana.
Tanuri lake. Fahali wa kupandishia, wake.
Hata njiwa walioshuka kula mbegu zetu
walikuwa njiwa wa bwana;
nani awarushie jiwe?

Nikauliza: Bibi, na mto?
Akasema: Maji ni ya Mungu.
Ila yakifika pale, nayo hupiga goti.

Sikujua kwamba bwana ana magoti
mpaka Pentekoste ile alipopita mkuu wa jimbo.
Enguerran akavua upanga, akavua kofia,
akakutanisha viganja kama mtoto anayesali,
na yule mkuu akavifunika kwa vyake.
*Mimi ni mtu wako*, alisema,
sauti ile ile iliyotuita nguruwe
sasa nyembamba kama ya mwanakwaya.
Na mkuu naye, walisema watu,
alikuwa njiani kwenda kwa mfalme
kuinamisha shingo yake.

Padre Foulques alitufafanulia:
jamii ni mwili mmoja.
Wenye kusali ndio macho,
wenye kupigana ndio mikono,
nanyi wenye kulima ndio miguu.
Bibi akaitazama miguu yake, nyufa tupu.
Basi uambie mkono, Padre,
mguu una mwiba.

Usiku ule alisaga kwa hasira.
Wasemao aliye juu mngoje chini, aliniambia,
hawajashika kijaa.
La juu huzunguka tu, mjukuu wangu, halishuki.
Kinachoshuka ni unga.

Wibert ndiye aliyehesabu:
nyumba ya vinywa vitano, magunia ya vinywa viwili.
Siku ya Mtakatifu Martino, wakati wa kodi,
nyapara alikuja na vijana wawili na mkokoteni.
Faini: mabata bukini wawili, na siku tatu
za kuchimba handaki la ngome katika matope ya Novemba.
Mawe yakaenda.
Hayakuvunjwa. Bwana hakuwa mpotevu;
ua wake ulikuwa na tope mlangoni,
akayapanga pale, kando ya mawe ya Gerberge,
ya Thiebaut kiwete, ya wale wa ng'ambo ya kijito.
Kila majira ya baridi sakafu iliongezeka.

Bibi alikufa kabla ya mavuno.
Bwana alirithi kabla yetu:
ng'ombe bora, yaani ng'ombe,
maana alikuwa mmoja.
Padre akachukua kilichofuata kwa ubora, ile ngozi ya kondoo.
Alipoikung'uta mlangoni
likapanda wingu jeupe,
akapiga chafya mara nne,
tukasema amina.

Leo nami nimefikisha umri.
Nimesimama foleni katika ua, dinari ya kichwa mkononi,
nikariri maneno niliyofundishwa:
sitahama, sitaoa nje bila ruhusa,
sitasaga.
Jina? Colard, wa Hersende.
Mvua ilinyesha jana, na viatu sina.
Kidole gumba kinapapasa, kinateleza,
kinaingia katika tundu.

Nimesahau neno linalofuata.
Kisigino chenyewe kinageuka, kidogo tu,
kulia, kulia tena,
kama mkono wake ulivyozoea.

Unatafuta nini huko chini? anauliza nyapara.

Hakuna kitu, bwana.
Ni baridi.