Kifungo cha Pili Kutoka Juu

Nilianza na gunia.
Gunia la unga, mhuri wake wa bluu umefifia,
la siku zile kampuni ilipotupimia posho
na sisi watoto tukaujua mwezi kwa uzito wake.
Nikalitandaza sakafuni, nyumbani Katuba,
nikalipiga pasi ya makaa hadi likaacha kukunjamana,
kama mtu aliyeambiwa akae kimya.

Gundi nilipika mwenyewe: muhogo, maji, chumvi kidogo
panya wasiipende.
Waliipenda.

Kisha nikaenda kabatini kwa mama
bila kuomba.

Humo mlikuwa na miaka ya baba, imefungwa kwa uzi wa kiatu:
karatasi za mshahara, unene wa ngumi,
KYUNGU W. kwa herufi za mashine,
makato ya hiki, makato ya kile,
na chini kabisa tarakimu iliyosalia,
imekonda kama mbuzi wa kiangazi.
Kuanzia mwaka fulani karatasi ni zilezile
ila pa tarakimu ni patupu.
Hata hizo alizileta nyumbani.
Hata hizo alizikunja mara mbili.

Nilizichana. Nitasema kweli: nilizichana kwa raha,
vipande vya ukubwa wa ukucha,
nikavipanga viwe moshi
wa lile bomba refu la kiwanda
unaloliona popote Lubumbashi
hata ukiligeuzia mgongo.

Bomba lenyewe ni waya wa shaba.
Niliununua kwa watoto wanaochoma mota kuukuu nyuma ya reli.
Walitaka kujua najenga nini.
Nikasema, baba yangu.
Mmoja akacheka: "Basi ongeza kilo."

Kifua nilikuwa nacho tayari,
ile picha ya hospitali, nyeusi, mbavu kama ngazi,
na katikati ya ngazi, ukungu.
Daktari aliuonyesha kwa ncha ya kalamu, akasema ni vumbi.
Mama akauliza: la wapi?
Daktari akaifunga kalamu.

Nikalikata gunia dirisha, nikaibandika hapo,
nyuma yake nikaweka balbu.
Umeme ukiwepo, baba anawaka.
Umeme ukikatika, ni gunia.

Na shati. Kaki, mkono mmoja tu,
wa pili ulishakwisha kwa kupangusa sufuria.
Vifungo nilivitia kwa kubahatisha.

Tshilumba alinipa gereji yake ya Kamalondo,
akasukuma injini pembeni, akafagia nusu.
Wakaja wanafunzi wa sanaa na maneno yao marefu,
akaja bwana mmoja aliyeuliza bei kabla ya kusalimu.
Wazee wawili wa kampuni hawakusema neno.
Walisogea, wakavaa miwani, wakaanza kuusoma moshi.
"Hii ya mwezi wa nne."
"Wapi! Tazama makato."
Wakabishana hivyo hadi giza likaingia.

Mama alifika mwisho, na kitenge chake cha kanisani.
Alitazama bomba. Alitazama moshi kwa muda mrefu zaidi.
"Hizi ndizo zingetulipa," alisema,
wala si kwa ukali,
kama anayetaja jina la jirani aliyehama.
Miaka yote hiyo, kumbe, alikuwa akiutunza ushahidi,
na mimi nilidhani ni ukumbusho.
Sikuwa na jibu. Gundi ilikuwa imekauka.

Kisha akainamia shati, akalinusa.
"Hiki si hapa.
Cha pili kutoka juu kilikuwa cheupe.
Nilikishona mimi, usiku wa kuamkia zamu yake ya kwanza,
kwa uzi mwekundu, maana mweusi ulikwisha."

Akachomoa sindano kwenye pindo la kitenge,
akakata kwa meno kifungo cha blauzi yake,
mbele ya watu, mbele ya bwana wa bei,
akaanza kushona.

Akiwa katikati, umeme ukakatika.
Hakuna aliyesogea.
Tukaisikia sindano ikipenya gunia,
ikitoka,
ikipenya.