Mchora Mistari

Kabla ya chuo palikuwa na mahindi.
Kabla ya mahindi sikuwepo, kwa hiyo sisemi.
Ekari themanini za Orville Tveit,
dakika arobaini kutoka Minneapolis,
hamsini ukikwama nyuma ya trekta lake.

Mwaka wa sitini na nane kaunti ilipiga kura.
Chuo kilishinda kwa kura kumi na saba,
na Tveit, aliyepiga ya hapana, ndiye aliyeuza shamba.
Alipoulizwa, alisema bei haina chama.

Vilianza vibanda sita vya bati juu ya matofali.
Darasa la uhasibu lilinuka mbolea kila Aprili,
na Bi. Pruszynski wa kemia
alichemsha ya chai na ya somo kwenye jiko moja.
Wanafunzi mia mbili na tisa. Wote na magari;
basi halikufika huku.
Ndipo wakanihitaji mimi, miaka kumi na tisa,
kamba, chaki, ndoo ya rangi nyeupe.

Futi tisa upana, futi kumi na nane urefu:
hicho ndicho chumba nilichompa kila mtu,
bila mtihani wa kuingia, bila kumuuliza baba yake nani.
Wengine watakusimulia chuo kwa majina ya wakuu.
Mimi nakijua kwa lami.

Uwanja A ulikuwa wa wanawake wa saa tatu asubuhi,
wameshawapeleka watoto shule, wanakwenda shule wenyewe,
makombo ya biskuti kwenye viti vya nyuma.
Uwanja B, vijana waliorudi vitani.
Dwayne Hatlestad aliacha mguu huko;
nilimwona akijitoa mlangoni
kama barua iliyokwama kwenye bahasha ndogo.
Usiku ule nilifuta mstari mmoja, nikauchora mbali zaidi.
Sheria ya nafasi pana ilikuja miaka mingi baadaye.
Sikuingoja.

Uwanja C tuliumwagia lami kiwanda cha friji kilipofungwa.
Wanaume wa miaka hamsini, vidole vinene,
walikaa garini hadi dakika ya mwisho, injini inanguruma,
wakiiogopa kompyuta kuliko walivyowahi kumwogopa msimamizi.

Halafu majengo. La wauguzi likala A.
Maktaba ya vioo ikaimega B.
Kila walipokata utepe, walisimama juu ya mistari yangu;
nilipiga makofi na wengine, mikono ina rangi.
Nguo ya mtoto haililiwi ikimbana.

Januari theluji hufunika yote.
Hakuna mstari, hakuna mshale,
na bado watu huegesha safu kwa safu,
kama mwandiko mzuri kwenye karatasi tupu.

Mwaka wa barakoa milango ilifungwa.
Nilidhani viwanja vitalala.
Lakini mtandao wa maktaba ulipenya ukuta ukafika Uwanja D,
na jioni nikahesabu magari kumi na tisa,
yameachana nafasi mbili mbili,
kila kioo na uso wa buluu.
Pa Nhia Vang alisomea uuguzi pale, nafasi ya mia nne na kumi na mbili,
mdogo wake amelala kiti cha nyuma.
Chuo kizima, majira yale,
kilikaa ndani ya mistari yangu.

Nimestaafu. Sasa huchora mashine, bila kamba.
Nimejiandikisha jiometri, Jumanne usiku.
Mwalimu alieleza tatu, nne, tano, kona ya mraba.
Nikanyamaza, nikiitazama mikono yangu
iliyoijua hesabu hiyo miaka hamsini na miwili
bila kutambulishwa.

Nilitoka nimelewa furaha,
nikakuta karatasi chini ya waipa:
gari limekanyaga mstari, dola kumi na tano.
Nikainama na tochi. Kweli. Inchi nne.

Nimelipa.
Ila mstari wenyewe, nawaambieni, umepinda.