Daftari la Korongo

Ilianzia kwenye duka la sofa.
Orville Stensrud alikuwa na deni benki, ghala la viti
na goti aliloliumiza ujanani akirukia rebaundi.
Jumatatu moja ya mwaka sabini na nane akasema:
mji huu una kiwanda cha karatasi, makanisa tisa
na baridi ya miezi sita. Tununue timu.
Mkewe akauliza, kwa fedha za nani?
Swali hilo lilikaa miaka kumi na mitatu bila jibu.

Ukinunua kochi, tiketi mbili bure.
Ukinunua kitanda, unakaa nyuma ya benchi
uwasikie wachezaji wakitukanana kwa upendo.
Mimi sikununua kitu. Nilikuwa na mwandiko mzuri,
nikapewa daftari, kalamu mbili
na dola nane kwa kila mchezo.

Ukumbi ulikuwa wa hoki.
Mbao zilitandazwa juu ya barafu,
na barafu haikubali kusahauliwa:
Machi ikifika, unyevu ulipanda kwenye maungio,
na Korongo wa Harlow Bend, wanaume wa futi sita na nusu,
walitembea kama waliobeba mayai.
Wageni waliteleza. Sisi tulishinda.
Nimeandika ushindi mwingi ambao kwa haki ulikuwa wa barafu.

Basi lilikuwa na hita moja, chini ya kiti cha dereva.
Maili mia nne kwenda kufungwa kwa pointi moja,
maili mia nne kurudi, magoti kidevuni.
Mshahara ukichelewa, Stensrud alilipa kwa fanicha.
Kuna mtu huko Toledo, nadhani hadi leo,
analalia posho yake ya Februari.

Halafu Lucius Pettway.
Alishuka kutoka Alabama na koti la mvua tu;
mama akampa la marehemu baba,
mikono ikaishia kwenye viwiko.
Alirusha mpira kama mtu anayefunga mlango taratibu
asimwamshe mtoto.
Januari ya themanini na nne ligi kubwa ikampigia simu:
mkataba wa siku kumi.
Mji mzima ulihamia kwenye televisheni ya baa ya Dolan.
Siku ya tisa akaingizwa. Dakika nne, pointi mbili, faulo moja.
Siku ya kumi na moja alikuwa basini, kiti kile kile,
na hakuna aliyemuuliza hadi tulipovuka mto.
Ndipo akasema: "Kule taulo zina joto."
Wahenga walisema mwonja asali haonji mara moja.
Hawakuijua mikataba ya siku kumi.

Kiwanda kikafungwa. Watu wakaacha kununua makochi,
wakauza waliyokuwa nayo.
Elfu mbili, mia tisa, mia mbili na kumi:
watazamaji pia niliwaandika mimi.
Stensrud aliniomba niongeze sifuri.
Niliongeza mara moja. Naomba radhi.

Machi ya tisini na moja, theluji imefika madirishani.
Mia moja na moja kwa mia moja na moja, sekunde nne.
Lucius, miaka thelathini na sita, goti limefungwa bendeji,
yuko mstarini, mitupo huru miwili.
Umeme ukakatika.
Tulikaa gizani saa nzima. Mtu akagawa bisi bure.
Mpira ulisikika ukidunda, ukinyamaza, ukidunda.
Refa akasema tutamalizia Alhamisi.
Jumanne benki ikafunga mlango kwa mnyororo,
na Korongo wakaingia korongoni.

Daftari ninalo. Mbele ya jina la Pettway
kuna visanduku viwili vitupu.
Mwaka jana mjukuu wa Stensrud alikuja,
anatengeneza bango la kumbukumbu,
akataka kujua kama Lucius alirusha, kule gizani.

Nilisikia wavu.
Au lilikuwa koti la mtu, akisimama kwenda nyumbani.
Nikamnyang'anya kalamu kijana yule
kabla mkono wake haujashuka kwenye karatasi.