Alama Mbili za Sawasawa

Saa nane usiku, Cheyo, Tabora.
Ofisi ya ushirika wa asali ina mwanga mmoja tu,
nao ni uso wa kompyuta yangu.
Hakuna aliyegusa kitu. Naapa.
Jana programu ilipanda winguni kama kawaida,
ikabeba uzito wa kila ndoo ya Sikonge, Ipole, Kitunda,
ikarudi na risiti.
Leo imebisha mlango ule ule, kwa jina lile lile,
ikajibiwa: hapa hakuna mtu wa jina hilo.

Mhoja Lusangija, kilo arobaini na moja na nusu: sifuri.
Nyanzala wa Ipole, kilo kumi na tisa: sifuri.
Ukurasa mzima wa sifuri,
matundu ya mizinga iliyohamwa na nyuki.

Ni maktaba, nikamwambia Nsolezi, mlinzi,
aliyeingia na tochi kuona nani anayegombana na ukuta.
Si ile ya vitabu.
Ni mkoba wa kazi walizozifanya watu wa mbali
ili sisi tusizirudie.
"Sasa wamefanya nini?"
Wametoa toleo la nne.
Kilichoitwa tuma, sasa kinaitwa wasilisha,
na kinataka kwanza umtaje mwenye mzigo.
"Bila kuwaambia?"

Sikumjibu. Nikainamia kibodi.
Nikasema nikipandishe daraja chombo changu, kilingane nayo.
Chombo kikasema: nipe kwanza lugha mpya,
ile yenye jina la chatu.
Chatu akasema: nipe mashine isiyo na uzee huu.
Mashine ikapuliza feni, ikakohoa,
ikanionyesha stika ya mfadhili, imechanika,
na mwaka ulioandikwa juu yake.

Stesheni wanakata treni.
Haya Kigoma, haya Mpanda, yale Mwanza.
Chuma kinagonga chuma, kimya,
kinagonga tena,
hadi ndoano ikamate.
Mjomba Kapela aliifanya kazi hiyo miaka ishirini na sita,
akaacha kidole cha shahada kati ya mabehewa mawili
ambayo kwa macho yalikuwa sawa.
Na kando ya mji reli mpya inalazwa, pana kuliko ya zamani.
Gurudumu la huku halipandi kule.
Hakuna anayeliita hilo kosa;
wamejenga stesheni nyingine.

"Bila kuwaambia?" Nsolezi alikuwa bado mlangoni.

Walituambia.
Miezi minane, kila usiku wa manane,
mstari wa njano: jina hili litaondolewa.
Mwezi Machi niliunyamazisha mwenyewe
kwa sababu ulichafua ripoti ya meneja.
Wahenga walitaja guu tu;
hawakusema guu lenyewe litavunjika usiku wa kuamkia malipo.

Saa kumi na dakika tano nikafungua faili la mahitaji.
Jina la maktaba, alama mbili za sawasawa,
na tarakimu ya toleo la tatu, lile tulilozoeana.
Mstari mmoja. Kama mbuzi na kigingi:
kula, lakini usivuke hapa.
Chini yake nikaandika, kwa aibu,
jina langu na tarehe,
na neno "kwa muda", ambalo mafundi wote tunalijua umri wake.
Kisha nikaurudishia mstari wa njano sauti yake.

Sifuri zikaanza kujaa. Kumi na tisa. Thelathini na tatu.
Nsolezi akazima tochi
kana kwamba yeye ndiye aliyetengeneza.

Saa moja asubuhi Mhoja akapiga simu.
"Wangaluka. Mzigo wangu umefika?"
Umefika, baba. Arobaini na moja na nusu.
"Huku nilipima arobaini na mbili."

Nikatazama skrini, safi, kijani kila mahali.
Nusu kilo hiyo sijui
imebaki kwenye toleo gani.