Kichinjio

Kadi yangu ya kura imefanya kazi nyingi,
isipokuwa ile moja iliyotengenezewa.
Imesajili laini tatu, mbili si zangu.
Imemdhamini Ulimwengu pale Chang'ombe
siku aliyogombana na mgambo.
Ilibaki getini Muhimbili ikinisubiri nishuke wodini;
askari akanirudishia, nami sina mama.
Na tangu Machi imelala kwa Bi Mwanakheri,
ndani ya kopo la biskuti,
rehani ya elfu sitini za vanishi na misumari.

Wanasema kura ni siri.
Hapa Keko ina riba.

Mimi hupiga randa, sipigi kura.
Nasema wazi, vumbi la mninga puani:
wagombea wa pande zote nimewachongea meza,
wote walitaka punguzo,
mmoja tu alimaliza deni,
na huyo ndiye aliyeshindwa.
Mtaro wetu hausomi ilani.
Vuli ikinyesha huingia ndani bila hodi,
ashinde ashindaye.

Siwema hunisikiliza akikanda unga.
Yeye hupiga kila mara. Hahubiri.
"Mie nakwenda kupanga foleni," husema,
"nimezoea foleni za maji zisizo na maji."

Asubuhi ya siku yenyewe
Bi Mwanakheri akatoa kiti barazani, akafungua kopo,
akaita majina kama karani:
"Nawaazima tu! Magharibi zirudi zote,
na kidole kiwe na wino, nikione.
Asiyepiga namwongezea riba!"

Vicheko. Watu thelathini na saba.
Nami nilikwenda kucheka.
Nikapewa ya kwangu: shingo nyembamba, shati la kuazima,
kijana anayeiamini hata kamera.

Darasa la tatu, ubaoni,
mtu alisahau kufuta hesabu za kugawanya.
Moja ilikosewa. Nilisimama nikaitazama
mpaka wa nyuma yangu akakohoa.
Kalamu imefungwa kwa kamba,
utadhani wezi ni sisi.

Sisemi niliweka tiki wapi,
wala kama niliweka.

Usiku nilikisugua kidole kwa limau,
kwa mafuta ya taa, kwa msasa wa kazini.
Siwema akacheka mpaka akakaa chini.

Kadi imerudi koponi. Deni lipo.
Napiga randa,
na kila nikinyoosha mkono kupima ulaini,
kile cheusi
kinatangulia kugusa ubao.